Ripoti ya Mamografia Inaposema Matiti Yana Msongamano: Maana Yake na Hatua za Kuchukua

Kila mwezi wa Oktoba, wakati wa kampeni za uhamasishaji kuhusu saratani ya matiti, akina mama wengi hujitokeza kupimwa. Wanaopigwa mamografia, yaani eksirei ya matiti, hurudi nyumbani na bahasha yenye picha na ripoti iliyoandikwa kwa Kiingereza. Wengi husoma mstari wa mwisho tu. Mstari huo ukisema hakuna kasoro iliyoonekana, bahasha huwekwa kabatini na shughuli za nyumbani huendelea.

Hata hivyo, ripoti hiyo huwa na mstari mwingine ambao wengi huuruka. Mstari huo hueleza msongamano wa tishu za matiti. Unaweza kusomwa kama jambo la kitaalamu lisilomhusu mgonjwa, lakini ndio unaoonyesha neno "hakuna kasoro" lina uzito kiasi gani kwako wewe. Makala haya yanaeleza msongamano ni nini, unahusianaje na saratani, na mkazi wa kaunti afanye nini akiambiwa matiti yake ni ya aina hiyo.

Msongamano wa matiti ni nini?

Titi la mwanamke lina tezi zinazotengeneza maziwa, mirija inayopeleka maziwa kwenye chuchu, nyuzi zinazoshikilia umbo la titi, na mafuta. Kiasi cha kila kimoja hutofautiana kati ya mwanamke na mwanamke. Titi lenye tezi na nyuzi nyingi kuliko mafuta ndilo linaloitwa titi lenye msongamano.

Msongamano hautambuliki kwa kugusa wala kwa kutazama. Titi gumu si lazima liwe na msongamano, na titi kubwa au zito pia si lazima. Huonekana kwenye picha ya mamografia pekee. Mtaalamu wa radiolojia anayesoma picha huupanga katika makundi manne kwa herufi:

A: Karibu titi lote ni mafuta.
B: Kuna sehemu chache za tezi na nyuzi zilizotawanyika.
C: Tezi na nyuzi ni nyingi kiasi kwamba zinaweza kuficha uvimbe mdogo.
D: Karibu titi lote ni tezi na nyuzi.

Makundi ya C na D ndiyo yanayohesabiwa kuwa matiti yenye msongamano. Katika ripoti ya Kiingereza, neno la kutafuta ni "dense".

Hili si ugonjwa wala si jambo la ajabu. Nchini Marekani, ambako msongamano umepimwa kwa miaka mingi, kati ya wanawake 100 wanaopigwa mamografia takriban 10 wako kundi A, 40 kundi B, 40 kundi C na 10 kundi D. Kwa hiyo karibu nusu ya wanawake wana matiti yenye msongamano.

Msongamano huwa mkubwa zaidi kwa wanawake vijana, kwa wanaonyonyesha, kwa wembamba, na kwa wanaotumia dawa za homoni baada ya kukoma hedhi. Hupungua kadiri umri unavyosonga, hasa hedhi ikishakoma. Sehemu kubwa hurithiwa katika familia. Hakuna chakula, mafuta ya kupaka wala mazoezi ya kifua yanayouondoa.

Kwa nini msongamano una umuhimu?

Kuna sababu mbili, na ni vizuri kuzitenganisha.

Sababu ya kwanza ni kwamba msongamano huficha uvimbe. Kwenye picha ya mamografia, mafuta huonekana meusi au kijivu. Tezi na nyuzi huonekana nyeupe, na uvimbe wa saratani pia huonekana mweupe. Weka punje moja ya mchele kwenye sinia jeusi, utaiona papo hapo. Iweke punje hiyo hiyo kwenye sinia lililojaa unga, unaweza kuipita mara tatu bila kuiona. Punje haijabadilika. Kilichobadilika ni mahali ilipowekwa.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulipima tofauti hii. Kwa wanawake ambao matiti yao yalikuwa karibu yote mafuta, mamografia ilitambua saratani 87 kati ya kila 100. Kwa wale wenye msongamano mkubwa zaidi, ilitambua 63 kati ya 100. Yaani zaidi ya thuluthi moja ya saratani katika kundi hili hazikuonekana kwenye picha.

Sababu ya pili ni kwamba msongamano wenyewe huongeza uwezekano wa kupata saratani. Jambo hili lilianza kuzungumzwa na daktari wa radiolojia wa Marekani, John Wolfe, mwaka 1976. Mwaka 2007, Norman Boyd na wenzake wa Kanada walionyesha kwamba wanawake ambao asilimia 75 au zaidi ya titi lao ni tishu zilizosongamana walikuwa na hatari karibu mara tano ya wale walio na chini ya asilimia 10.

Takwimu hiyo inatisha, kwa hivyo ni lazima ieleweke vizuri. Inalinganisha wanawake wa ncha mbili, wenye msongamano mwingi kabisa na wasio na msongamano karibu wowote. Wanawake wengi wako katikati. Ukilinganisha mwanamke wa kundi D na mwanamke wa kawaida wa umri wake, hatari yake ni takriban maradufu. Kwa kundi C, nyongeza ni ndogo zaidi. Wanawake wengi wenye matiti ya aina hii hawatapata saratani ya matiti maishani mwao.

Kisa kilichobadilisha sheria Marekani

Nancy Cappello, mwalimu na mtaalamu wa elimu kutoka jimbo la Connecticut, alikuwa akipigwa mamografia kila mwaka na kupewa majibu mazuri. Mwaka 2004, wiki chache tu baada ya kuambiwa tena kwamba hakuna kasoro, daktari wake alihisi mabadiliko alipompapasa titi. Mamografia iliporudiwa, haikuonyesha kitu. Ultrasaundi ndiyo iliyoonyesha uvimbe, na saratani ilikuwa tayari imeenea kwenye tezi za kwapani.

Alipouliza kwa nini haikuonekana mapema, alielezwa kwamba matiti yake yana msongamano. Madaktari walikuwa wakilijua jambo hilo, lakini yeye hakuwahi kuambiwa. Alianza kampeni, na mwaka 2009 Connecticut ikawa jimbo la kwanza Marekani kutunga sheria ya kumtaka mtoa huduma amweleze mwanamke kuhusu msongamano wa matiti yake. Cappello alifariki mwaka 2018. Tangu tarehe 10 Septemba 2024, vituo vyote vya mamografia Marekani vinalazimika kumjulisha kila mwanamke kama matiti yake yana msongamano au la.

Mkazi wa kaunti ana njia fupi zaidi: kuuliza. Ripoti yako ni yako. Unayo haki ya kuelezwa kilichomo kwa lugha unayoielewa.

Hali ilivyo nchini Kenya

Saratani ya matiti ndiyo inayoongoza kwa visa vipya vya saratani nchini Kenya. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2020 kulikuwa na takriban visa vipya 6,800 na vifo 3,100.

Mambo mawili yanafanya suala la msongamano lituguse kwa karibu. Kwanza, wanawake wengi wa Kenya hugunduliwa na ugonjwa huu wakiwa na umri mdogo kuliko wenzao wa Ulaya, wengi wakiwa katika miaka ya 40 au hata 30. Huo ndio umri ambao msongamano bado ni mkubwa. Pili, wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne, wakati matibabu ni marefu, ghali na yenye matumaini madogo.

Hivyo basi, mamografia ni kipimo muhimu sana, lakini kwa mwanamke wa miaka 42 mwenye kundi D, picha safi peke yake haitoshi kumfanya apuuze uvimbe anaoushika kwa mkono wake. Hapa ndipo maisha hupotea. Mama anahisi uvimbe, anakumbuka kwamba alipimwa miezi minne iliyopita na akaambiwa yuko sawa, anangoja. Miezi inapita. Uvimbe haujui ripoti ilisema nini.

Jinsi ya kusoma ripoti yako

Ripoti nyingi huwa na namba na herufi, na watu wengi huzichanganya.

Namba hutokana na mfumo unaoitwa BI-RADS, na hueleza mtaalamu ameona nini:

0: Picha haikutosha kutoa uamuzi. Picha zaidi au ultrasaundi zinahitajika.
1: Hakuna kasoro iliyoonekana.
2: Kuna kitu kimeonekana, lakini si saratani.
3: Karibu hakika si saratani, ila kinahitaji kuangaliwa tena, kwa kawaida baada ya miezi 6.
4: Kuna jambo la kutiliwa shaka. Kipande kidogo cha nyama kichukuliwe na kupimwa maabara.
5: Dalili za saratani ni kubwa. Kipimo cha maabara kifanywe haraka.
6: Saratani imekwisha kuthibitishwa.

Namba hizi si hatua za saratani. Kuna wagonjwa waliosoma "BI-RADS 4" wakaamini wana saratani ya hatua ya nne na kukata tamaa. Si hivyo. Wengi wa wanaopewa namba 4 hupimwa na kukutwa hawana saratani. Hatua ya saratani hujulikana tu baada ya ugonjwa kuthibitishwa na mwili kuchunguzwa.

Herufi, yaani A hadi D, hueleza msongamano. Herufi hiyo haisemi kama una saratani. Inasema mtaalamu alikuwa akitazama sinia jeusi au sinia la unga.

Soma vyote viwili pamoja. Namba 1 na herufi A maana yake ni kwamba hakuna kilichoonekana, na mahali pa kutazama palikuwa wazi. Namba 1 na herufi D maana yake ni kwamba hakuna kilichoonekana, lakini kulikuwa na mahali pengi pa kujificha.

Ufanye nini?

Ukiwa na dalili yoyote, nenda ukaonwe, hata kama ripoti ya mwezi jana ilikuwa safi. Dalili ni uvimbe kwenye titi au kwapani, ngozi kubonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoanza kuingia ndani, damu au majimaji yasiyo maziwa kutoka kwenye chuchu, wekundu usioisha, au titi moja kubadilika umbo. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Muuguzi au afisa wa kliniki atakupapasa na kukupa barua ya rufaa ikihitajika. Mweleze wazi: "Nilipigwa mamografia, ripoti ilisema herufi D, lakini nahisi uvimbe hapa." Uvimbe unaoshikika unapaswa kufuatiliwa mpaka ujulikane ni nini.

Ukiwa kundi C au D na huna dalili, usiogope, ila usiishie hapo. Zungumza na daktari kuhusu mambo mengine yanayoongeza hatari. Je, mama yako, dada au binti yako amewahi kuugua saratani ya matiti au ya ovari, hasa kabla ya miaka 50? Je, umewahi kupigwa mionzi ya matibabu kifuani ukiwa kijana? Je, umewahi kutolewa uvimbe kwenye titi? Majibu haya, pamoja na umri na herufi yako, ndiyo yatakayomsaidia daktari kuamua kama unahitaji kipimo cha ziada.

Kipimo cha ziada kinachopatikana kwa urahisi zaidi ni ultrasaundi, mashine ile ile ya mawimbi ya sauti inayotumika kutazama ujauzito. Haitumii mionzi na haiumi. Huweza kuonyesha vivimbe vilivyofichwa na msongamano. Kipimo chenye uwezo mkubwa zaidi ni MRI. Nchini Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulihusisha wanawake zaidi ya 40,000 wa miaka 50 hadi 75 waliokuwa na msongamano mkubwa zaidi na mamografia safi. Kati ya walioalikwa kufanyiwa MRI, saratani zilizojitokeza kabla ya kipimo kilichofuata zilikuwa 2.5 kwa kila wanawake 1,000. Kati ya wale wa mamografia peke yake zilikuwa 5 kwa kila 1,000.

Pamoja na hayo, vipimo vya ziada vina gharama yake. Huonyesha pia vivimbe visivyo na madhara, na mwanamke anaweza kuchomwa sindano ya kipimo na kukaa na hofu kwa wiki kadhaa bila sababu. Wataalamu duniani hawajakubaliana kama kila mwanamke wa kundi C na D apewe kipimo cha ziada. Ndiyo maana uamuzi hufanywa kwa mtu mmoja mmoja, pamoja na daktari wake.

Ukiwa kundi A au B, endelea kupimwa kwa ratiba. Saratani huwapata pia wanawake wa makundi haya, na dalili mpya hushughulikiwa vivyo hivyo.

Ukiwa chini ya miaka 40 na huna dalili, mamografia kwa kawaida si kipimo chako cha kwanza, kwa sababu hii hii ya msongamano. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa mwaka 2018 unatilia mkazo kupapaswa na mhudumu wa afya kuanzia miaka 25, na mamografia kuanzia miaka 40. Kama kuna historia ya ugonjwa huu katika familia yenu, mwambie daktari mapema, kwani huenda ukahitaji kuanza kabla ya umri huo.

Siku ya kupimwa

Kama bado unapata hedhi, chagua wiki baada ya hedhi kwisha, kwani matiti huwa hayana maumivu mengi. Usipake manukato ya kwapani, poda wala losheni kifuani siku hiyo, kwa sababu chembechembe zake huweza kuonekana kwenye picha kama dalili za ugonjwa. Vaa blauzi na sketi au suruali badala ya gauni, ili uvue sehemu ya juu tu.

Titi hubanwa kati ya sahani mbili kwa sekunde chache. Inaweza kuuma kidogo, lakini kubanwa huko husambaza tishu ili picha iwe wazi. Kiasi cha mionzi ni kidogo, kinalingana na kile ambacho mtu hupata kutoka kwa mazingira yake ya kawaida kwa takriban wiki saba.

Beba picha na ripoti za zamani. Mtaalamu akilinganisha picha ya mwaka huu na ya mwaka juzi, ataona mabadiliko ambayo picha moja haiwezi kumwonyesha. Kwa mwenye msongamano, ulinganisho huu ni muhimu zaidi.

Kabla ya kuondoka, uliza maswali matatu:

1. Namba yangu ya BI-RADS ni ngapi?
2. Herufi yangu ya msongamano ni ipi?
3. Je, nahitaji kipimo kingine, na nirudi lini?

Kuhusu malipo, hakikisha umejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kabla ya kuugua. Ukifika hospitali, uliza dawati la SHA ni vipimo gani vinavyolipiwa na unachohitaji kuleta.

Tunayoyasikia mitaani

"Kuweka pesa au simu kwenye sidiria huleta saratani." Si kweli. Uvimbe mara nyingine hugunduliwa mahali hapo kwa sababu ndipo mkono hufika mara kwa mara.

"Nikinyonyesha siwezi kupata saratani." Kunyonyesha hupunguza hatari, lakini hakuiondoi. Uvimbe wakati wa kunyonyesha usiopungua baada ya wiki moja au mbili uonwe na mhudumu wa afya.

"Uvimbe usiouma si hatari." Uvimbe mwingi wa saratani huanza bila maumivu yoyote. Usisubiri uume.

"Uvimbe ukichomwa sindano saratani husambaa." Hofu hii imewachelewesha wengi. Kipimo hicho ndicho kinachoonyesha kama kuna ugonjwa na ni wa aina gani, na bila hicho matibabu sahihi hayawezi kuanza.

Ya kukumbuka

Msongamano si saratani. Ni hali ya kawaida inayoongeza hatari kwa kiasi fulani na kuifanya mamografia ione kwa shida. Mwanamke anayejua herufi yake anajua pia ni kwa kiasi gani anaweza kuitegemea picha yake, na wakati gani wa kudai kipimo kingine.

Kama una bahasha ya mamografia kabatini, itoe leo. Tafuta namba, tafuta herufi. Usipoziona au usipozielewa, ipeleke kwa mhudumu wa afya katika kituo kilicho karibu nawe, au mwulize mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji au mtaa wenu akuelekeze pa kwenda. Na kama kuna uvimbe unaoujua wewe peke yako, usiupe ripoti ya zamani nafasi ya kukutuliza. Nenda ukapimwe wiki hii.